Kama hukukipenda kitabu kinachosifiwa na wote, tafuta ukurasa

Nina duka la vyombo hapa Moshi, si mbali na Soko la Mbuyuni. Nauza sahani, vikombe, glasi, sufuria na chupa za chai. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, nikishafunga mlango wa mbele, tunapanga viti vya plastiki katikati ya duka, tunachemsha chai, tunazungumza kuhusu kitabu tulichosoma. Tuko wanane. Yupo mwalimu mstaafu, wapo wauguzi wawili, binti anayesomea ushirika, mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa pili, na kijana mmoja mgumu, yaani wale wanaobeba mizigo ya wageni mlimani. Wengine huja na kuondoka.

Mwaka jana tulisoma The Alchemist cha Paulo Coelho. Huenda umekisoma, au umeona jalada lake. Kilitoka Brazil mwaka 1988 kwa Kireno, kikaja kwa Kiingereza mwaka 1993, na sasa kiko katika lugha zaidi ya 80. Nakala zilizouzwa ni makumi ya mamilioni. Hapa mjini utakikuta kwa wauza vitabu wa barabarani, kimelazwa kati ya vitabu vya biashara na vya maombi. Ni habari ya kijana mchungaji wa Hispania, Santiago, anayeota hazina iliyofichwa kwenye piramidi za Misri. Anauza kondoo wake, anavuka bahari hadi Tangier, anaibiwa fedha zote, anafanya kazi kwenye duka la vyombo vya kioo, kisha anaingia jangwani na msafara.

Mimi sikukipenda. Nilikimaliza usiku wa Alhamisi nikakiweka kifuani nikijiuliza nina kasoro gani, kwa sababu kila niliyemjua aliyekisoma alisema kimembadilishia maisha.

Jumamosi ikafika. Mwalimu akasifu, wauguzi wakasifu, binti wa chuo akasema amekinunulia wadogo zake wawili. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kizuri sana. Kimenigusa." Nikanywa chai.

Wenzangu walipoondoka, mama fundi cherehani alibaki kunisaidia kuosha vikombe. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiwa hanitazami, "Dada, mimi sikukimaliza. Nilidhani ni Kiingereza changu. Lakini kama hata wewe umekipenda, basi ni mimi nisiyeelewa."

Kauli hiyo ilinichoma. Uongo wangu mdogo wa adabu ulikuwa umemfanya mtu mzima, anayeshona magauni ya maharusi kwa kipimo cha macho tu, ajione mjinga. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza natoa kwa uzito wote: usisifu kitabu ambacho hukukipenda ili tu usionekane tofauti. Unadhani unalinda heshima yako, kumbe pembeni yako kuna mtu anayesubiri mmoja wenu aseme ili naye apate pumzi.

Mwezi uliofuata nikafanya kosa la upande wa pili. Nilikuja na hasira, hasa ya kujikasirikia mwenyewe, na nikaimwaga yote juu ya kitabu. Nilisema ni kitabu cha kudanganya watoto. Nilisema anayeamini, kama kitabu kinavyosema, kwamba ukitaka kitu kwa moyo wote basi ulimwengu mzima unasimama kukusaidia, huyo hajawahi kulipa kodi ya pango. Mwalimu akanijibu kwa upole, "Chema chajiuza, binti yangu. Watu mamilioni hawawezi kukosea wote." Nikamjibu kwa ukali, na yeye ni mzee wa kuamkiwa shikamoo.

Kijana mgumu hakusema neno. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akavaa koti, akaondoka kabla chai haijaisha. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza baadaye. Kijana yule alikisoma kitabu kile ndani ya hema, kambi ya Barranco huko mlimani Kilimanjaro, kwa taa ya kichwani, mwaka ambao alikuwa ameibiwa Kariakoo fedha zote alizokwenda nazo kuanzia biashara. Alirudi Moshi kwa nauli ya kuchangiwa. Mimi nikamwambia mbele za watu kwamba kilichomwinua ni kitu cha kudanganyia watoto.

Nilimtafuta, nikamwomba radhi. Alinisamehe, ila kwa sauti ya mtu anayemaliza mazungumzo.

Jumapili hiyo nilikuwa napangusa glasi kwa gazeti kuukuu lililoloweshwa kidogo, ndivyo zinavyong'aa bila kuacha manyoya ya kitambaa, na nikawa nawaza maneno ya mwalimu. Chema chajiuza. Mimi ni muuzaji, jambo hilo nalijua kwa ndani. Kitu kinachotoka sana dukani kwangu ni seti moja ya glasi sita zenye maua mekundu. Zinatoka kwa sababu kila kicheni pati kuna mtu aliyeziona kwenye kicheni pati iliyotangulia. Maua yanafifia ndani ya mwaka. Ninazo glasi nyingine, nzito, hazina ua hata moja, zinakaa rafuni miezi. Lakini pia ninayo sufuria ya kawaida kabisa inayouzika kuliko zote, na inauzika kwa sababu ni nzuri kweli. Mauzo yananiambia watu wamenunua nini. Wanakwenda kukitumiaje nyumbani, hilo daftari langu halina. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekupiga kwa idadi ya nakala, usibishane na idadi. Na usiichukue idadi hiyohiyo kuwa ushahidi kwamba kitabu ni kibaya, maana wapo wanaodhani kila kinachopendwa na wengi ni takataka. Hapa kwetu Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kusomwa darasani. Kitabu kilikuwa kilekile.

Ndipo nikachukua penseli, nikaanza upya ukurasa wa kwanza. Hii ndiyo kazi ninayokuomba uifanye. Usitafute sababu kumi za kutokipenda kitabu. Tafuta ukurasa mlipoachana. Kila msomaji aliyekataa kitabu ana mahali alipoachia mkono, hata kama alikwenda nacho hadi mwisho kwa miguu tu. Weka alama hapo, kisha ujiulize kwa nini hapo.

Mimi nilipata wangu. Ni pale kisimani kwenye oasisi, Santiago anapokutana na Fatima. Wanapendana papo hapo, na Fatima mwenyewe anamwambia aendelee na safari yake, kwamba yeye ni mwanamke wa jangwani na wanawake wa jangwani wanajua kusubiri. Kijana anakwenda kwenye hazina. Kitabu kinaisha kijana akiwa bado hajarudi kwake.

Nilipoandika alama pale mkono ulikuwa unatetemeka, kwa sababu nilimwona dada yangu.

Shemeji yangu aliondoka Uru mwaka 1996 kwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti. Aliahidi miaka miwili. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimo yale, wakati ule walikuwa wanashuka shimoni kwa ahadi ya chakula na mgao jiwe likipatikana, mshahara haukuwepo. Mwaka 1998 mvua kubwa zilijaza mashimo maji, wachimbaji wengi wakafa, na dada alikaa siku nne bila kujua kama ni mjane. Shemeji alipona. Akaendelea kuchimba. Alirudi mwaka 2005 na begi dogo na kikohozi ambacho hakikumtoka tena. Wote walioshuka kwenye lile shimo walilitaka jiwe kwa moyo wao wote. Sijui namna ya kutaka iliyo kubwa kuliko kushuka gizani kwa kamba bila mshahara.

Na dada? Aliamka saa kumi alfajiri kukata majani ya ng'ombe. Alishusha maziwa mjini kwa miguu hadi barabara ya lami. Alisomesha watoto watatu, akaezeka nyumba upya, akamzika mama mkwe wake. Siku moja nilimuuliza alisubirije miaka tisa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Kusubiri? Muda huo ningeutoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa hasira yangu ilikuwa ya nini. Sikuwa na ugomvi na ndoto, wala na jangwa, wala na lugha nyepesi ya mwandishi, ambayo kwa kweli inasomeka vizuri. Nilikuwa namtetea dada. Ningeendelea kusema "ni cha kudanganya watoto" nisingelijua hilo hadi leo.

Kuna jambo jingine penseli ilinionyesha, ambalo sikulitarajia: ukurasa nilioupenda. Mwenye duka la vyombo vya kioo kule Tangier ana miaka 30 dukani mwake. Ana ndoto ya kwenda Makka, na haendi, kwa sababu anaogopa akishafika hatakuwa na sababu ya kuendelea kuishi. Wasomaji wengi wanamchukua kama mfano wa mtu aliyeshindwa. Lakini Santiago alipofika pale ana njaa na akajitolea kusafisha vyombo ili apate chakula, mzee yule alimlisha, kisha akamwambia hakuhitaji kusafisha chochote, kwa sababu Kurani inamtaka amlishe mwenye njaa. Ni kwenye duka la huyo "mwoga" kijana alipata fedha za kutosha kununua kondoo 120, mara mbili ya aliokuwa nao. Bila mtu aliyebaki mahali pamoja kulinda duka, msafiri angekula wapi? Nikaona kwamba mwandishi alikuwa ameandika kitu kizuri, ila mimi na yeye hatukubaliani kizuri hicho kina maana gani. Hiyo ni hali nzuri zaidi ya kuwa nayo na kitabu kuliko kukichukia.

Jambo jingine lililonisaidia, na ninalipendekeza sana: kisomee kitabu hicho kando ya kingine kilichopita njia hiyohiyo. Nilichukua Peponi cha Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Paradise ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili chetu mwaka 2022. Humo pia kuna kijana, kuna msafara, kuna mfanyabiashara tajiri. Lakini Yusuf ana miaka 12 na hakuchagua safari. Alitolewa kwa sababu ya deni la baba yake. Kuvisoma vyote viwili ndani ya wiki tatu kulinionyesha waziwazi nilichokuwa nakikosa kwenye kile cha kwanza: nilitaka kujua nani anasafiri kwa hiari yake na nani anasafirishwa. Misafara ya pwani ilipita chini ya mlima wetu huu pia, ikitafuta pembe na kununua chakula. Hatuwezi kuisoma habari ya msafara kama watu wa mahali ambapo haikupita.

Kwenye mkutano wetu wa tatu nikaomba tukirudie kitabu. Hatukuwa tumepanga kukaa nacho muda wote huo, lakini walikubali, na kijana mgumu alikuja. Nilimsalimia mwalimu, nikamwomba radhi mbele ya wote kwa ukali wangu, kisha nikafungua ukurasa wa Fatima nikasoma, nikaeleza habari za dada. Sikusema kitabu ni kibaya. Nilisema, "Mimi niliachana nacho hapa."

Kijana akanyamaza kidogo. Halafu akafungua nakala yake, imekunjika pembe zote kwa kukaa kwenye begi. Ukurasa wake ulikuwa ule wa asubuhi baada ya wizi, Santiago anapoamka sokoni hana kitu na anamsaidia muuza peremende kusimamisha meza yake, naye anapewa peremende ya kwanza ya siku. "Dada, kitabu hiki hakikuniahidi nitapata," akasema. "Kule Kariakoo asubuhi ile nilimsaidia mama lishe kuinua benchi zake. Akanipa chai na chapati. Nilipokuja kuusoma ukurasa huu nilijua mtu mwingine ameiona asubuhi ile."

Sikuwa na la kumjibu, wala sikutafuta. Ukurasa wake ni wa kweli na wangu ni wa kweli, na vyote viko ndani ya jalada moja. Bado sikipendi kitabu. Yeye bado anakipenda. Ila sasa nikimwona anapita na mzigo kuelekea stendi namwita, anakaa, tunaendelea.

Jioni ile mwalimu alimgeukia mama fundi cherehani. "Na wewe?"

Akavuta pumzi. "Mimi sikukimaliza."

"Uliishia wapi? Tusomee hapo."

Akafungua. Alikuwa ameweka kipande cha kitambaa cha kitenge kama alama, kumbe muda wote kilikuwepo. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari, pale Mwingereza mmoja anapojiunga na msafara na masanduku yake yaliyojaa vitabu. Aya mbili. Akasimama.

"Hapa," akasema. "Nilibaki najiuliza haya masanduku yote nani aliyapakia juu ya ngamia. Kila jioni yanashushwa, asubuhi yanapakiwa tena. Na kitabu hakimtaji. Nikashindwa kuendelea."

Kijana wa mlimani akageuka kumtazama.

"Enhee," akasema. "Nani?"