Kwanza Hesabu ya Shule Isomwe Mbele ya Wazazi

Mhariri, swali lenu la juma hili lilikuwa: serikali ikiambiwa irekebishe jambo moja tu katika elimu ya msingi, ianze na lipi? Najua wengi watataja mtaala, na siwalaumu, maana mtaala ndio unaozungumzwa kila siku. Mimi ni mzazi katika kisiwa cha Pate, Lamu, na ni mmoja wa wawakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule ya msingi ya kwetu. Jibu langu ni usimamizi wa shule yenyewe: fedha zake zionekane, na wazazi wakiuliza wajibiwe.

Mitaala tumeibadilisha. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985. Mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa shuleni 2019, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ukafanywa mara ya mwisho 2023, na watoto wa Gredi ya 7 wakabaki kwenye viwanja vya shule za msingi badala ya kwenda sekondari. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, lilikusanya maoni na kutoa ripoti yake mwaka huo huo wa 2023. Ni mambo makubwa. Lakini ukiingia katika shule nyingi, mzazi bado huitwa siku ya kuchangishwa, na akishatoa haulizwi tena neno.

Tuchukue hesabu yenyewe. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, serikali hutuma fedha kwa kichwa cha mwanafunzi, na kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya mjini Mombasa yenye wanafunzi 1,000 yahesabiwa shilingi 1,420,000. Shule ya kisiwani yenye wanafunzi 120 yahesabiwa 170,400, na hapo tuseme zimefika zote na kwa wakati, jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote atakwambia usilitegemee. Sasa shule zote mbili zahitaji bawabu. Mpe bawabu 6,000 kwa mwezi, ambazo ni chache mno kwa mtu mwenye watoto, na kwa mwaka umemlipa 72,000. Ile shule kubwa imetoa shilingi tano katika kila mia. Ile ndogo imetoa zaidi ya arobaini katika kila mia, na bado hatujanunua chaki, hatujaziba paa, hatujalipia maji wala karatasi za mtihani.

Kisha kuna bahari. Mizigo ikitoka bara huteremshwa gatini Mokowe, na kutoka hapo ni boti au mashua. Fungu la usafiri limo kwenye bajeti ya shule, lakini kwetu safari moja ya kufuata shughuli za ofisi mjini Amu (Lamu) hulimaliza lote. Boti nazo hufuata maji. Maji yakitoka, chombo chenye mzigo kitakwama katika mlango wa bahari wa Mkanda, na kusi likivuma sana manahodha hawatoki. Nimeona makasha ya vitabu yakifunikwa turubai gatini yakisubiri bahari itulie, na watoto darasani wakisoma watano kitabu kimoja. Aliyepanga mgao huu kwa kichwa alidhani kila shule ina barabara. Naomba Wizara itoe kiwango cha chini kwa kila shule, iwe kubwa au ndogo, ndipo vichwa vihesabiwe juu yake, na shule za visiwani ziongezewe gharama ya chombo.

Hata hivyo fedha zikiongezwa bila kuonekana, zitapotea tu. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba fedha za elimu bila malipo zimeibwa, na Uingereza ikasitisha msaada wake. Wizi ule ulikuwa wa juu, wizarani, si wa kisiwani. Lakini kila wizi unapogunduliwa, dawa yetu huwa ni kuzidi kuvuta maamuzi Nairobi. Vitabu, kwa mfano, shule zilikuwa zikijinunulia kutoka SIMBA, akaunti ya shule ya vitabu na vifaa vya kufundishia, na kukawa na ufisadi mwingi. Tangu 2018 serikali ndiyo inayonunua na kuzituma shuleni nakala zake. Sikatai kwamba vitabu vimeongezeka, na mtoto wangu mdogo ana vitabu ambavyo kakake hakuvipata. Ila vikiletwa pungufu, au vya darasa lisilokuwepo, sisi wa chini hatuna pa kuvirudisha wala wa kumuuliza. Afadhali hesabu ingeletwa karibu na macho ya wenye watoto.

Nasema hivi kwa sababu nimeliona likifanyika. Tulikubaliana kwenye bodi kwamba hesabu ya muhula ibandikwe kwenye mlango wa ofisi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa. Baadhi ya walimu waliona ni kuwadhalilisha. Mwalimu mkuu, Mungu amjaze kheri, akaibandika. Wazazi wakaja kuisoma, na wasiojua kusoma wakasomewa na watoto wao. Mzee mmoja mwenye mashua akafika kwenye mstari wa nauli ya mizigo, akasimama hapo kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, hizi za boti ziondoe. Vitabu vya watoto nitavichukua mimi nikija na mzigo wangu wa Mokowe." Miaka yote alikuwa akipita na chombo chake, na hakuna aliyemwambia kwamba shule yalipa. Mama mwingine akauliza kwa nini fedha za kutengeneza madawati zimetoka na madawati hayajaonekana. Fundi akaitwa, akayaleta.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi ya usimamizi kwa kila shule ya umma, na imewapa wazazi na jamii viti sita, mfadhili wa shule vitatu. Ukiisoma utadhani bodi ndiyo mwenye shule. Njoo uone uwanja wetu. Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na serikali ya kaunti, maana Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea. Mwalimu wa darasa la pili kaajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Mpishi na bawabu wako chini ya bodi. Kiwanja kimoja, waajiri watatu, na mwanafunzi mmoja anayepita kwao wote. Mwalimu wa hisabati akihamishwa katikati ya muhula, bodi huandika barua. Barua husubiri. Huku watoto wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) wana masomo tisa na walimu wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wengine wanagenzi wenye mikataba ya muda ambao wakipata pahali pengine huondoka, na mimi siwezi kuwalaumu.

Hatutaki bodi ipewe rungu la kuwafukuza walimu. Walimu wanaokubali kuishi visiwani twawaheshimu na twawahitaji. Tunachotaka ni sheria iseme kwamba bodi ikiandika kuhusu pengo la mwalimu, ofisi ya TSC ya kaunti ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na nakala ibandikwe pale pale mlangoni kando ya hesabu.

Na wenzetu wa msitu wa Boni wasisahauliwe. Baada ya mashambulizi ya 2014, shule za vijiji kama Basuba na Mangai zilifungwa kwa sababu ya usalama, na watoto wengine wakapelekwa bweni Mokowe. Mzazi aliye Basuba atafikaje kwenye kikao cha Mokowe? Bodi kama hiyo yafaa iwafuate wazazi, na gharama ya msafara iwe ya serikali.

Nimesikia hoja kwamba wazazi wa huku hawakusoma, kwa hiyo hawataelewa hesabu za shule. Asemaye hivyo hajawahi kukaa pwani ya Kizingitini, hapa kisiwani kwetu, chombo cha uvuvi kikirudi. Mapato hugawanywa pale pale: hutolewa mafuta, hutolewa barafu, sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu, ya nahodha, kisha ya mabaharia, na shilingi ikipungua mtu ataitaja kabla hajavaa viatu. Watu hawa waletewe karatasi ya hesabu juma moja kabla ya mkutano, si siku ile ile mwenyekiti akiwa ameshaanza kufunga kwa dua.