Mapenzi yako na mauaji yako hayajuani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata Ijumaa, pamoja na zile sura tatu. Umeniuliza kwa nini kila unayempa riwaya yako anasifu mapenzi, anasifu na mauaji, kisha akifika sura ya tatu anaiweka chini na haendelei. Nimezisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi, na nitakwambia nilivyoona. Mapenzi yako na mauaji yako hayajuani. Yamepanga nyumba moja lakini hayasalimiani.

Mahali umechagua vizuri sana. Unguja ya 1866, enzi ya Seyyid Majid! Nimefundisha historia miaka mingi na mwaka ule bado haunitoki. Ndio mwaka ambao dada yake Sultani, Sayyida Salme, alimpenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akapata mimba yake, na mwezi wa Agosti akatoroka kwa manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer. Walichagua usiku wa Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, wanawake wanaposhuka pwani kuoga. Nani angemshangaa mwanamke aliyejifunika akitembea ufukweni gizani? Sasa fikiria kwamba usiku ule ule mtu ameuawa pale pale mchangani, naye Salme amemwona muuaji kwa macho yake. Atasemaje alichokiona bila kusema alikwenda kufanya nini?

Riwaya yako inataka fundo hilo, na wewe ulikuwa nalo mkononi ukaliachia. Mwanaasha wako yuko juu ya paa usiku, anamngoja yule kijana wa Kihadhrami mbeba maji, na kutoka hapo anaona karani wa forodha akichomwa kisu uchochoroni. Vizuri kabisa. Kisha asubuhi anakwenda kumsimulia mjomba wake kila kitu, na mjomba anamshukuru! Mwanangu, mjomba gani huyo? Neno la kwanza litakalomtoka ni, "Na wewe saa tano za usiku ulikuwa unatafuta nini juu ya paa?"

Mnyamazishe. Mwache ajue na asiweze kusema. Halafu wamkamate mtu mwingine, mtumwa wa nyumba ya jirani aliyekutwa na damu kwenye shuka kwa sababu yeye ndiye aliyeinyanyua maiti. Soko la watumwa lilikuja kufungwa 1873, kwa hiyo katika kitabu chako bado liko wazi, na neno la mtumwa mbele ya neno la tajiri halikuwa na uzito. Kila siku Mwanaasha anayonyamaza kulinda penzi lake, mtu huyo anakaa gerezani kwa ajili yake. Hapo msomaji hataweka kitabu chini, kwa kuwa atakuwa anampenda Mwanaasha na kumwonea hasira kwa pamoja.

Unakumbuka paa la bibi yako kule Malindi? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinyoosha mkono unataka kugusa dirisha la ng'ambo, nami nakushika kiuno usidondoke. Tulikuwa tukisikia kijiko cha jirani kikikoroga chai. Uandike ule ukaribu. Mji ambao nyumba zinasikilizana hivyo, siri inataka kazi kubwa, na kazi hiyo ndiyo mapenzi yenyewe.

Barua iliyokutwa kwenye kanzu ya marehemu pia umeipita haraka mno. Zama zile mabinti wa nyumba kubwa walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, na kwa sababu ya ujuzi huo alifanywa mwandishi wa nduguye Barghash katika uasi wa 1859 dhidi ya Majid, akiwa binti wa miaka kumi na mitano tu. Basi barua yako iandikwe na mwanamke. Mji mzima utafute mwanamume aliyeiandika, kwa kuwa hakuna atakayewaza vingine, isipokuwa yule kijana mbeba maji ambaye aliwahi kupokea karatasi yenye mwandiko ule ule.

Kuna kosa moja nakuomba usilifute. Sura ya pili, yule tajiri wa Maskati anasema ameshuka jana kutoka kwao kwa jahazi, na ni mwezi wa Julai. Majahazi ya Maskati yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Julai ni kusi, upepo unasukuma vyombo kurudi Uarabuni. Mvuvi yeyote anajua kwamba tajiri huyo yuko mjini tangu kaskazi na anaficha jambo. Wewe uliteleza, lakini mwache yeye adanganye, na aje kunaswa na mzee anayeziba nyufa za ngalawa kwa pamba na mafuta, asiyejua kusoma hata herufi moja.

Vitu vidogo: Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, iondoe, ilijengwa 1883. Kanga yenye jina nayo ilikuja baadaye; Mwanaasha mvishe barakoa, na mjakazi wake mpe kaniki.

Umeuliza pia kama mwisho waoane. Salme na Ruete walioana 1867, na 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo ugenini. Mimi siwezi kukuchagulia. Ila wakioana, yule mtumwa awe ametoka gerezani kwanza, na Mwanaasha awe amesimama mbele ya mjomba wake akalijibu lile swali la paa kwa kinywa chake mwenyewe.

Nitumie sura ya tatu mpya ukishaiandika, hata kama haijanyooka. Baba yako anakusalimu, naye ameshaanza kumshuku mjomba.

Mama yako