Usipokee ada ya semina ya mtu kwenye namba yako

Mkuu, kabla ya yote futa hiyo namba yako kwenye rasimu ya tangazo. Umesema umoja wenu wa wajasiriamali hapo Moshi unataka kuanza kuwatangazia wanachama semina za wakufunzi wa nje. Ukauliza mtoze kiasi gani, matangazo yawe mangapi kwa wiki na wakufunzi wa Arusha wakubaliwe au la. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba washiriki watatuma ada kwako, utakata asilimia 10, inayobaki unampa mkufunzi. Somo hilo nimelilipia kwa hela na kwa heshima yangu, usitegemee niwe mpole.

Piga hesabu. Washiriki 40, ada 15,000, jumla 600,000. Umebaki na 60,000, mkufunzi ameondoka na 540,000. Siku mbili kabla ya semina anaahirisha, kisha simu yake haipatikani. Wale 40 hawamjui. Ujumbe wa malipo walio nao kwenye simu una jina lako, na huo ndio ushahidi watakaoupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Unadaiwa 600,000 na mfukoni una 60,000, bado makato ya kutuma mara 40, bado aliyekwisha panda Hiace kutoka Mwanga anataka nauli yake.

Na hao wanaojiita washauri wa biashara wanaozunguka kufundisha vikundi kwamba "asilimia kwa kila kichwa ndiyo hela ya uhakika" wananikera sana. Hawasemi kwamba ukishakula asilimia umekuwa mshirika, si mtangazaji tena. Utaanza kuipa nafasi ya juu semina yenye ada kubwa, na mama anayefundisha batiki kwa 5,000 atakaa chini kila wiki. Haki imeishia hapo.

Kanuni ni hii: anayetangaza hashiki ada. Toza bei moja ya tangazo kwa kila mkufunzi, ilipwe kabla, isitegemee wamekuja watu wangapi. Ada iende kwa mkufunzi moja kwa moja, na jina linalotokea kabla ya mtu kuweka namba ya siri lifanane na jina lililo kwenye tangazo. Yakitofautiana, tangazo halitoki, hata kama mkufunzi ni shemeji yako.

Usiridhike na picha ya ukumbi. Pata namba ya ukumbi wewe mwenyewe, usipewe na mkufunzi, upige uulize kama tarehe hiyo imelipiwa malipo ya awali. Simu ya dakika mbili inachuja wababaishaji wengi kuliko fomu ya kurasa tatu.

Bei nayo iandikwe yote. Semina za sabuni ya maji ndizo zinazoongoza kwa ujanja huu: tangazo linasema 15,000, mtu akifika ukumbini anaambiwa malighafi, yaani salfoniki, slesi, soda ash na manukato, ni kifurushi cha kununua kwa mkufunzi huyohuyo. Kama malighafi hazimo kwenye ada, tangazo litaje bei yake na liseme wazi kama mtu anaruhusiwa kuja na zake alizonunua mjini. Pia liseme mshiriki ataondoka na lita ngapi, au ataangalia tu ndoo ya mwalimu.

Neno "cheti kinachotambulika" lisipite bila kutaja kinatambuliwa na nani. Anayejiita chuo cha ufundi akupe namba ya usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi. Asiye nayo aandike "cheti cha ushiriki", basi. Hicho si kosa.

Na tarehe ya kurudisha ada ikiwa semina itaahirishwa iwe ndani ya tangazo lenyewe, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa bei. Mkufunzi akigoma kuiandika, mrudishie hela yake ya tangazo siku hiyohiyo.