Mwanangu ananiambia niuze nyumba nihamie kwake Uingereza

Wastaafu wenzangu habari zenu. Mwezi huu maswali mengi ni ya safari, naona kikokotoo, ile hesabu ya kupigia mafao yetu ya kustaafu, kimetuumiza lakini hamu ya kutembea hakijaiondoa. Nimechukua matatu, la kwanza nimelijibu kwa urefu maana limenigusa.

Salaam dada. Mi ni mwalimu, nimestaafu na miaka 60, mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mwanangu wa kwanza yuko Uingereza muda mrefu na ameshachukua uraia wa huko, ana watoto wawili na mkewe anafanya kazi za shifti. Ananiambia mama uza nyumba uje tuishi wote, hela yako tutaongezea tununue nyumba kubwa huku. Wajukuu nawapenda na kukaa peke yangu nimechoka, ila moyo unasita. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nina bahati, naringa nini. Nifanyeje? (Mwalimu mstaafu, Moshi)

Mwalimu, usiuze. Nimeanza na jibu ili hata ukiishia hapo uwe umepona, sasa tuongee.

Kabla ya mambo ya moyo kuna mambo ya karatasi. Viza utakayopata bila kusumbuka sana ni ya kutembea, na ya kutembea Uingereza mwisho wake ni miezi 6 kwa safari moja. Hata wakikupa ya miaka 2 au 5 au 10, kila ukiingia ni miezi 6 alafu unatoka, na wakiona umetoka juzi leo umerudi wanaanza kukuuliza we mama unatembea au unaishi. Ya mzazi kuhamia kwa mwanae ipo, lakini tangu Julai 2012 waliibana mpaka ikabaki jina. Uthibitishe kwamba kwa uzee au ugonjwa au ulemavu huwezi kujihudumia mwenyewe, yani kuoga kuvaa kupika, alafu uthibitishe tena kwamba mtu wa kukuhudumia Tanzania hapatikani hata mwanao akituma hela. Sasa we unayepalilia migomba yako mwenyewe utathibitisha nini? Na sikuombei ufike huko pa kuthibitisha.

Alafu angalia hiki kichekesho. Afisa wa viza akifungua faili lako anajiuliza jambo moja kubwa, huyu mama atarudi kwao? Kinachomjibu ni hati ya nyumba, barua ya mafao, na taarifa ya benki inayoonyesha pensheni inaingia kila mwezi. Kwahiyo ukiuza nyumba ili uende, umeuza kile kile ambacho kingekupeleka. Nimeona mtu kafanya hivyo, viza ikakataliwa, hela ikawa imeshatumwa kwa mtoto, sasa hivi amepanga vyumba viwili mtaa ule ule aliokuwa na nyumba yake. Mtoto wala sio mbaya, kila mwezi anamtumia kodi.

Hayo ni ya karatasi, sasa nikwambie ya kwangu. Mi nilikuwa nesi, nilivyostaafu tu binti yangu akaniita, nikaenda Novemba mpaka Machi, mji mdogo pembeni ya Birmingham. Nikajiambia sasa naenda kuiona dunia mwenzenu. Dunia gani. Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi imeshapita na kabla ya saa kumi jioni limezama, na siku nyingi hata hilo la katikati hulioni. Binti anaondoka giza anarudi giza, mkwe vilevile, mi naandaa watoto, nafua, napika, naongea na televisheni. Wajukuu wanajibu Kiingereza, nikisema "njoo ule" wananiangalia kama nimepiga chafya. Mara ya kwanza kukaanga dagaa king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima, nikajua nimeunguza nchi ya watu.

Kilichonifungua macho ni ufunguo. Siku moja Januari nikatoka kutupa taka, nimevaa kanga na ndala nikijua ni hatua kumi tu, upepo ukausukuma mlango. Ile milango yao mingi ikishajifunga, kwa nje huingii bila ufunguo, na ufunguo mi sina, toka nifike hakuna aliyefikiria kunipa kwasababu siendi popote. Simu naiona dirishani, iko mezani inaita. Jirani, mzee wa Kihindi ambaye miezi miwili tulikuwa tunapungiana mkono tu, akanifungulia kwake akanipa chai ya maziwa na tangawizi, nikakaa pale masaa karibu matatu mpaka mkwe akarudi na watoto. Tukaongea na yule mzee, kumbe alizaliwa Kampala, akaanza kunitolea Kiswahili chake cha zamani kibovu kitamu. Ndo siku pekee katika miezi ile niliyojisikia nimesafiri.

Ninachotaka uone mwalimu, kwenda kulea wajukuu sio vibaya, ila ni kazi, usiite safari. Ukiiita safari utakuwa unasubiri kitu ambacho hakiji na utamchukia mkweo bure.

Matibabu nayo. Mgeni wa viza ya kutembea hospitali zao hatibiwi bure, wanachaji asilimia 150 ya gharama yenyewe. Ukikimbizwa mapokezi ya dharura pale hulipi, lakini wakishakulaza tu mita inaanza kusoma. Kwahiyo bima ya safari ni lazima, na kama una presha uiseme kwenye fomu. Ukificha siku ya kudai watakutolea hiyo hiyo presha. Na kadi yako ya NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, inaishia mpakani, wewe unaijua.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Nenda miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, jua lipo mpaka saa tatu usiku na watoto wanafunga shule mwishoni mwa Julai. Nunua tiketi ya kwenda na kurudi, tarehe ya kurudi aijue kila mtu na mkweo akiwemo. Chumba cha uani weka mtu unayemwamini akuangalizie nyumba. Kabla hujapanda ndege mwambie mwanao mambo mawili, ufunguo wangu siku ya kwanza, na siku mbili kwa wiki ni zangu, nipande basi niende nnakotaka hata kama ni kukaa tu stendi nawaangalia Wazungu. Akinuna ujue alikuwa anatafuta dada wa kazi. Uhakiki wa pensheni usikutishe, siku hizi wastaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanajihakiki kwa simu janja kwenye programu ya PSSSF Kiganjani, fanya kabla hujaondoka ili usibabaike.

Na nyama kavu na samli usibebe. Mi walinichukulia vyote uwanjani, samli ya ndugu yangu wa Singida, mpaka leo naiwaza.

Habari mama. Mi na mke wangu wote tumestaafu serikalini, watoto wameshajitegemea, kwenye mkupuo wa mafao tumetenga milioni 30 za kuzurura. Naona wazee wa Kizungu wanahamia Thailand wengine Ureno wanaishi kwa pensheni zao raha mstarehe. Na sisi tunaweza? (Tanga)

Kuzurura mnaweza tena vizuri, kuhamia kwa hela hiyo hapana. Wale wazee wana viza zao za kustaafu, na viza hizo zinaangalia mfuko. Thailand wanataka uwe na miaka 50 na kuendelea, hiyo mnayo, alafu benki uwe na baht (hela yao) 800,000 au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Hizo 800,000 ni zaidi ya milioni 50 za kwetu na zinatakiwa zikae, sio za kula. Wala sio Wathai peke yao, hata jirani zetu Kenya mgeni anayetaka kibali cha kukaa bila kufanya kazi anaulizwa kipato cha dola 24,000 kwa mwaka. Wale Waitaliano mnaosikia wamejaa Malindi hawakuja na kikokotoo.

Lakini nyie mna kitu ambacho watu wanakidharau, pasipoti ya Tanzania kwa majirani inafungua milango. Ndani ya Afrika Mashariki mnaweza kupewa mpaka miezi 6 bila kulipa viza. Afrika Kusini hamhitaji viza, siku 90 kwa mwaka. Zambia, Malawi, Botswana, kote huko mnaingia. Mi kwa milioni 30 ningekaa Cape Town mwezi mzima nyumba ya kupanga, nisikae hotelini, ningeenda sokoni na kikapu changu, mwaka unaofuata Kigali na Kampala kwa basi taratibu. Hapo sijamaliza hata nusu ya hela.

Ulaya mkitaka muende ila mjue hesabu. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kila mtu, hairudi hata mkinyimwa, bima isipungue euro 30,000, na mkipata mwisho ni siku 90 katika kila siku 180. Pasipoti zenu ziangalieni leo, ikibaki chini ya miezi 6 nchi nyingi watakurudisha, mpya ni 150,000. Na tafadhali baba, hiyo milioni 30 ifungulieni akaunti yake, ikikaa na ya kawaida itaishia kwenye harusi za watoto wa ndugu.

Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 68 na anachoma insulini, anasafiri peke yake mara ya kwanza kwenda kwa dada. Naogopa sana. Nimwandalie nini? (Binti wa Mwanza)

Marahaba mwanangu. Insulini yote aipakie kwenye begi la mkononi, lile la chini ya ndege baridi inaweza kuigandisha ikaharibika. Iwe kwenye boksi lake la dukani na barua ya daktari kwa Kiingereza ikitaja dawa na sindano. Saa za kuchoma zitabadilika kule, daktari wake amwandikie ratiba ya siku ya safari kwenye karatasi, sio ya kusimuliwa. Mpe na glukosi na biskuti, chakula cha ndege kinakuja kikijisikia. Njiani asikae tu, kila masaa mawili asimame atembee mpaka chooni na kurudi, miguu ikikaa kimya masaa nane damu inaweza kuganda. Kama anakoenda wanataka kadi ya homa ya manjano, achomwe angalau siku 10 kabla, na ikishachomwa siku hizi ni ya maisha.

Alafu mwombee kiti cha magurudumu mnapokata tiketi, hakina malipo, anapokelewa mlangoni anasukumwa mpaka ndege ya pili, hapotei. Atakataa, atasema mi sio mgonjwa. Mwambie hata mimi nilikataa, nikatembea ule uwanja wa Doha mwisho mpaka mwisho na mabegi yangu, huku mabibi wenzangu wananipita wamekaa wanachat.