Mume mlevi: tafuta msaada wako kwanza, usimngoje yeye

Dadangu wa Bamburi, umeuliza ufanye nini na mume anayerudi alfajiri ananuka mnazi, ilhali mama mkwe anakusihi umsitiri. Mimi niko Kisauni na hayo nimeyaishi na mume wangu miaka mingi, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Asichotaka mama mkwe ni mumeo atangazwe mtaani. Hilo mpe. Lakini kumpigia bosi simu useme ana homa, au kumlipia madeni, hapana. Mwenye mangwe, yaani kilabu cha kuuzia mnazi, alikuwa akimtuma kijana mlangoni kwangu na daftari, chupa zote zimeandikwa. Siku niliyomwambia deni ni la mwenyewe amngoje atoke, mume wangu alininunia wiki nzima, ila mangwe ile haikumkopesha tena.

Kilichonipa nafuu ni watu. Wifi yangu alinipeleka kwa kina mama wenye waume na wana walevi, wanaokutana Jumamosi. Siku ile sikufungua mdomo. Mama mmoja akasema hulala na pochi ndani ya foronya. Nikalia, maana pochi yangu nilikuwa naificha kwenye gunia la mchele. Wanafuata njia ya Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa mwanzilishi mwenza wa AA (chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe), pamoja na mwenzake, kwa ajili ya jamaa za walevi. Hutufundisha hivi: ulevi wake hukuuleta wewe, huwezi kuuzuia wala kuutibu. Nililisikia hilo kwa wiki kadhaa kabla halijaniingia, kisha nikaanza kulala usiku.

Sasa hili lishike sana: msimfungie ndani aache ghafla. Kaka zake mume wangu walifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Siku ya pili akawa anatetemeka, jasho linamtiririka, anaona wadudu ukutani, mwisho akaanguka kifafa. Daktari alitueleza kwamba ubongo uliozoea kupozwa na pombe kwa miaka, ukinyimwa ghafla hupandwa na fujo, na siku hizo mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kufa. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Kwa hiyo akisema yuko tayari, mpelekeni hospitali. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa wana kitengo cha afya ya akili. Na NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192. Hata wewe mke unaweza kuipiga, si lazima yeye.

Wangu aliacha, akarudia, sasa ametulia. Sikuahidi kwamba wako ataacha. Ninachojua ni kwamba mimi nilianza kupona yeye akiwa bado anakunywa.

Watoto unaodhani hawajui, wanajua. Mkubwa wangu alikuwa akisikia geti tu anajua baba karudi vipi. Waambie baba ana maradhi ya pombe na si kosa lao, na uwaonyeshe nyumba ya jirani ya kukimbilia kukizuka ugomvi. Akikuinulia mkono usingoje kupambazuke: beba watoto na vitambulisho uende kwenu, na upige 1195, nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia. Kikundi chetu si mbali na kwako, niandikie faraghani nikuelekeze.