Mwanangu, usivikaange vyote kwa pamoja

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umechukua viungo vilivyokuwa kabatini, ukavikaanga, ukavisaga, ukatengeneza bizari yako mwenyewe ya mchuzi, na sasa kila ukiitia chakula kinakuwa kichungu na harufu haipo. Unaniomba vipimo. Mwishoni ukaongeza kama jambo dogo tu: je, na haradali na sosi ya nyanya unaweza kujitengenezea ukaacha kununua za chupa? Vipimo nitakupa, lakini sidhani kama ndivyo vilivyokuharibia.

Umeandika mwenyewe kwamba ulivitia vyote kikaangoni kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mbegu ya giligilani ni nene, inataka muda. Bizari nyembamba, ile wengine wanayoiita jira, huiva upesi zaidi. Uwatu ni mgumu kama changarawe, lakini ukipitiliza motoni uchungu wake hautoki tena, na kijiko kimoja tu kinatosha kuharibu chupa nzima. Na manjano, kwa kuwa yako ni ya unga, huungua kabla hujageuza mwiko. Ukisubiri giligilani ikolee, vingine vyote vimeshaungua.

Basi fanya hivi. Chukua kikaango kizito, kikavu, moto mdogo. Tanguliza giligilani peke yake, uikoroge bila kuiacha. Utaona imeanza kupiga rangi ya kahawia hafifu na harufu imegeuka, ule ukali wa ubichi umeondoka. Papo hapo imwage kwenye sinia. Usizime jiko ukaiacha mlemle kikaangoni, maana chuma bado kina moto na kitaendelea kuikaanga wakati wewe umeenda kutafuta kijiko. Kisha jira, ambayo haichukui zaidi ya dakika moja au mbili. Kisha pilipili manga na pilipili kavu (fungua dirisha kwanza, hii itakukohoza). Uwatu uwe wa mwisho, na uutoe ukiwa wa dhahabu. Ukifika wekundu umechelewa, utupe uanze mwingine. Ni kijiko cha chai tu, usiuonee huruma.

Manjano na tangawizi ya unga visiguse moto kabisa. Hivyo unavichanganya baada ya kusaga.

Kabla ya kusaga, acha vipoe kabisa. Mbegu zikisagwa za moto hutoa mvuke, unga unashikana mabonge, na harufu uliyoitafuta kwa moto inapotelea hewani. Ukishasaga, chekecha, chenga zilizobaki zirudishe kwenye mashine.

Sasa vipimo: giligilani vijiko vikubwa 4, jira vijiko vikubwa 2, manjano kijiko kikubwa 1, kisha pilipili manga, uwatu na tangawizi ya unga kijiko cha chai 1 kwa kila kimoja, na pilipili kavu 2 au 3 kadiri unavyoweza kuvumilia. Ukipenda iwe na utamu wa harufu, ongeza iliki chache na kipande kidogo cha mdalasini. Chumvi usitie. Najua za dukani nyingi zina chumvi, lakini ukishaichanganya humo huwezi tena kuongeza bizari bila kuongeza chumvi.

Kuhusu harufu kukosekana, nadhani una tatizo la pili: viungo vyako vya unga vimezeeka. Harufu ya kiungo ni mafuta yanayoruka, na kikishasagwa yanaruka kwa kasi zaidi. Mbegu nzima huweza kukaa miaka kadhaa na bado ikawa na nguvu, lakini unga wake haufiki mbali hivyo. Chukua kidogo, sugua kiganjani, nusa. Kama hupati kitu, chakula nacho hakitapata kitu. Kwa hiyo nunua mbegu nzima, saga kidogo kidogo, weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na mwanga. Na acha tabia ya kutikisia chupa juu ya sufuria inayofuka. Mvuke unaingia na unga unaganda. Chota kwa kijiko kikavu.

Haradali ni rahisi kuliko unavyofikiri, na mimi ndiyo ninayoipenda kuitengeneza. Mbegu kavu ukiitafuna haina ukali mara moja. Ukali unazaliwa pale mbegu iliyosagwa inapokutana na maji, kwa sababu ndani yake kuna kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi mpaka kilowane. Maji ya moto yanakiua, na siki ikiwahi inakizuia. Kwa hiyo changanya unga wa haradali na maji baridi mpaka uwe uji mzito, uache dakika 10 hivi, ndipo utie siki na chumvi. Siki sasa inaushika ule ukali usipotee. Ukitaka haradali ya upole, tia siki mapema. Ukitaka ya kukutoa machozi, subiri. Mbegu za njano ni pole, za kahawia ni kali. Ukiionja siku hiyohiyo utaiona chungu na utanilaumu. Iweke kwenye friji siku moja au mbili kwanza, uchungu unapungua.

Sosi ya nyanya haina maneno mengi. Nyanya ya kopo ile nzito vijiko vikubwa 6, maji nusu kikombe, siki vijiko vikubwa 2, sukari kijiko kikubwa 1 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, na karafuu ya unga kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Chemsha kwa moto mdogo kama robo saa ukikoroga. Haitadumu kama ya dukani, kwa hiyo pika kidogo, weka kwenye friji, uimalize ndani ya wiki mbili hivi.

Na lile ulilolitaja kwa kupitia tu, chupa ya vitunguu saumu vibichi ulivyovizamisha kwenye mafuta ukaiweka juu ya kabati: imwage leo. Usiionje kwanza. Kitunguu saumu hutoka udongoni, na udongoni wamo bakteria waitwao Clostridium botulinum. Ndani ya mafuta hakuna hewa wala ukali wa siki, hapo ndipo wanapostawi na kutoa sumu inayoweza kuua, nayo haina harufu wala haibadilishi rangi ya mafuta. Ukitaka mafuta hayo, tengeneza ya kutumia ndani ya siku 4, yakae kwenye friji muda wote, au yagandishe. Vinginevyo tumia kitunguu saumu kilichokaushwa na kusagwa. Kikiwa kikavu kweli, kinakaa vizuri kabatini na kinafaa hata kwenye bizari yako.

Rudia bizari wikendi hii, kwa nusu ya vipimo kwanza. Ukishautoa uwatu kikaangoni, nipigie picha yake kabla hujausaga, nitakwambia kama umefika au umepitiliza.

Mama yako