Maswali na majibu: Video naielewa, daftari linanikataa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Mikindani na mama, nasubiri kwenda kidato cha tano mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Ili nisiende mikono mitupu nimeanza kuangalia video za Kimarekani za hisabati za kabla ya kalkulasi (hisabati ya mabadiliko): funksheni, kasi ya mabadiliko na logarithimu. Akifundisha naelewa kila kitu. Nikifunga simu nikashika kalamu, sioni pa kuanzia. Juzi niliandika log(5 + 5) = log 5 + log 5, kaka akasema si kweli ila hakuweza kunieleza kwa nini. Pia sioni mada hizi tatu zinahusianaje. Niendelee na video au niache? Bando nalo linaisha haraka. Na kikokotoo ninunue cha aina gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Video usiziache. Kinachokukwamisha ni namna unavyoziangalia, na pia hakuna aliyekuonyesha uzi unaozifunga mada hizo tatu. Nianze na uzi, kwa sababu ukishaushika hata video utaziangalia kwa jicho jingine.

Uzi wenyewe ni swali moja: x ikisogea kwa hatua zinazolingana, y inafanya nini? Liandike juu ya kila ukurasa wa daftari lako.

Twende ufukweni kwanza, maana wewe ni mtoto wa Mikindani. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi yameshapwa, akina mama wako mwambani wanatafuta pweza na chaza. Fikiria nguzo iliyosimama majini, imechorwa alama za mita. Namba nitakazokupa nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini mwendo wake ndio mwendo wa maji ya kwenu. Saa kumi alfajiri kina ni mita 3.8. Saa kumi na moja 3.5. Saa kumi na mbili 2.9. Saa moja asubuhi 2.0. Saa mbili 1.1. Saa tatu 0.5. Saa nne 0.2.

Hapo tayari una funksheni mkononi. Kila wakati una kina chake kimoja tu. Haiwezekani kwa dakika ileile nguzo ileile ionyeshe mita 2.0 na pia mita 3.0. Kinyume chake kinaruhusiwa: mita 2.0 utaiona asubuhi maji yakipwa, na utaiona tena baadaye yakijaa. Nyakati mbili zinaweza kushirikiana kina kimoja, ila wakati mmoja hauwezi kuwa na vina viwili. Video itakuchorea mstari wa wima unaokata grafu ili kupima jambo hilohilo.

Sasa kasi. Kutoka saa kumi hadi saa nne ni muda wa saa 6. Chukua kina cha mwisho, toa cha mwanzo: 0.2 − 3.8 = −3.6. Gawanya kwa 6, unapata −0.6. Kwa wastani maji yameshuka sentimita 60 kila saa, na ile alama ya hasi ndiyo inayosema "yanapwa". Kwa herufi tunaandika [f(b) − f(a)] ÷ (b − a). Kwenye grafu ni mteremko wa mstari ulionyooka unaounganisha nukta ya mwanzo na ya mwisho.

Lakini muulize mama kama maji hushuka sentimita 60 kila saa. Atakukatalia. Hesabu saa kwa saa kutoka kwenye namba zetu, utapata mishuko hii: 0.3, 0.6, 0.9, 0.9, 0.6, 0.3. Mwanzo maji yanaondoka taratibu, katikati yanakimbia, mwisho yanatulia. Wastani umeyaficha yote hayo. Wanafunzi wengi hupita hapa mbio kwa sababu fomula ni fupi; nakuomba wewe ukae hapa hata siku mbili. Chora grafu kwa mkono. Utaona kwamba hadi saa moja asubuhi inajipinda kama mgongo wa kilima, na baada ya hapo inajipinda kama bakuli. Pale mkunjo unapogeuka ndipo maji yanapokwenda kasi kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye kalkulasi nukta hiyo itapewa jina, nawe utakuwa unaifahamu tangu nyumbani.

Kuna kosa moja nalisahihisha kila mwaka: mwanafunzi anatoa kwanza, halafu anaingiza kwenye funksheni. Chukua f(x) = x², kutoka 1 hadi 4. Sahihi ni (16 − 1) ÷ 3 = 5. Mwenye haraka anaandika f(4 − 1), yaani f(3), anapata 9, na anaona amemaliza. Funksheni haigawanywi vipande namna hiyo. Kumbuka kosa hili, tutakutana nalo tena kwenye logarithimu yako, limevaa nguo nyingine.

Ukiwa bado na x², jaribu kuusogeza mwisho ukaribie mwanzo. Kutoka 3 hadi 3.1: (9.61 − 9) ÷ 0.1 = 6.1. Kutoka 3 hadi 3.01: 6.01. Kutoka 3 hadi 3.001: 6.001. Unaona inakokimbilia. Huo ndio mlango wa kalkulasi, na umeufungua kwa kugawanya tu.

Tuje kwenye logarithimu, tukipitia kwenye fedha. Tuseme kikundi cha kuweka na kukopa kinakulipa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, nayo faida inaachwa izae. Umeweka shilingi 100,000. Baada ya mwaka ni 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100, kisha 146,410. Rudi kwenye swali letu. Mwaka unasogea kwa hatua ya 1, fedha inafanya nini? Nyongeza hazilingani: 10,000, halafu 11,000, halafu 12,100. Lakini gawanya kila kiasi kwa kilichokitangulia, utapata 1.1 kila mara.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione kwa macho yako. Kwenye mstari ulionyooka, kila hatua ya x inaongeza kiasi kilekile kwenye y. Kwenye funksheni ya kipeo, kama hii ya fedha, kila hatua ya x inazidisha y kwa namba ileile. Logarithimu ni ya pili iliyogeuzwa kichwa chini: unazidisha x, y inaongezeka. Tazama: log 1 ni 0, log 10 ni 1, log 100 ni 2, log 1,000 ni 3. Upande wa x tumezidisha kwa 10 kila mara. Upande wa y tumeongeza 1 kila mara. Ukilishika hilo, kanuni zote za logarithimu huna haja ya kuzikariri, kwa sababu zote zinasema jambo hilo moja: kuzidisha kumegeuka kujumlisha.

Ndiyo maana log(5 × 5) = log 5 + log 5. Jedwali lako la tarakimu nne litakupa log 5 = 0.6990. Jumlisha mara mbili, 1.3980, nayo ni takriban log 25. Wewe uliandika log(5 + 5), yaani log 10, ambayo ni 1. Basi 1 na 1.3980 havifanani, kaka yako alikuwa na haki. Na ni lile kosa letu la mwanzo: umeichukua funksheni ukaigawa juu ya alama ya kujumlisha kana kwamba ni mabano ya kawaida. "log" si namba inayozidisha kilicho ndani ya mabano. Ni swali: 10 ipandishwe kwa kipeo gani ili tupate hiki? Kipeo gani kinatoa 10? Kimoja. Hakuna njia ya kulijibu swali hilo kwa kuuliza kuhusu 5 na 5 peke yao kisha kujumlisha.

John Napier wa Uskoti alipochapisha majedwali yake mwaka 1614, shida aliyokuwa anaitibu ilikuwa ndiyo hiyo: wanaastronomia walikuwa wanazidisha namba ndefu kwa mkono siku nzima. Henry Briggs wa Uingereza akaja kuyapanga kwa kizio cha 10, na jedwali ulilotumia sekondari linatokana na kazi yake.

Sasa fedha yako: itachukua miaka mingapi kuongezeka mara mbili? Mlinganyo ni 1.1ⁿ = 2. Kisichojulikana kimekaa juu kwenye kipeo, na logarithimu ndiyo ngazi ya kukishusha: n × log 1.1 = log 2, kwa hiyo n = 0.3010 ÷ 0.0414, karibu 7.27. Hakikisha kwa kuhesabu mwaka kwa mwaka: mwaka wa 7 una takriban 194,872, mwaka wa 8 una takriban 214,359. Mara mbili ya fedha yako, yaani 200,000, imepita katikati yao. Kila ukipata jibu la logarithimu, lihakikishe hivyo, maana ndipo mkono unapoanza kuiamini akili.

Jingine kabla sijaondoka hapo. Logarithimu haikubali sifuri wala hasi, kwa sababu 10 haina kipeo kitakachokupa −2. Fumbua log x + log(x − 3) = 1. Unapata x² − 3x − 10 = 0, na majibu mawili, 5 na −2. Lile −2 linatupwa. Wengi wanafumbua vizuri kabisa halafu wanaacha yote mawili kwenye karatasi.

Kuhusu video. Nilikuwa na mwanafunzi hapa Mtwara mjini aliyejaza daftari tatu kwa kunakili kila kilichoandikwa kwenye kioo cha simu, mwandiko mzuri, rangi mbili. Nilipompa swali ambalo namba zake zimebadilishwa tu, alikaa kimya. Daftari lake lilijaa kazi ya mtu mwingine. Kuelewa mtu akitenda na kutenda mwenyewe ni vitu viwili, kama vile kumtazama fundi akishona na kushika sindano.

Kwa hiyo, mwalimu wa video akishaandika swali, simamisha. Kabla hajagusa hatua ya kwanza. Jaribu kwa dakika 5, hata ukikosea, hasa ukikosea. Halafu ruhusu video uone mlipoachana, na pale mlipoachana andika sentensi moja ya Kiswahili inayosema kwa nini njia yako haikufika. Sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa kunakili. Kesho yake, bila video, fumbua swali lilelile upya. Ukiangalia dakika 10, kaa na kalamu dakika 40. Utaona bando nalo linapumua, kwa sababu utakuwa unaangalia video moja kwa siku badala ya sita. Ipakue mara moja kwa ubora wa chini unaosomeka, uirudie bila mtandao. Ubao wa namba hauhitaji picha kali. Programu ya Khan Academy inakuruhusu kuhifadhi video kwenye simu, na haina malipo.

Kiingereza chake kikikimbia, punguza kasi iwe robo tatu na uwashe maandishi ya chini. Hilo halina aibu.

Usifuate mtiririko wote wa Kimarekani. Kwao somo hili lina mtihani wake, AP Precalculus, ulioanza mwaka wa masomo 2023/2024, na somo lenyewe lina sehemu nne: polinomia na funksheni za kugawanya, kisha vipeo na logarithimu, kisha trigonometria, na mwisho vekta na matriki pamoja na mengineyo. Hiyo ya nne hata wao hawaitahini. Wewe chukua mbili za kwanza uzimalize kweli, ukipata muda ongeza trigonometria. Kisha fungua kitabu cha Hisabati ya Juu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ufanye mazoezi ya humo, kwa sababu ndicho utakachokutana nacho darasani.

Kikokotoo: nunua cha kisayansi kisichoprogramiwa, ndicho kinachoruhusiwa kwenye mtihani wa kidato cha sita. Kabla hujalipa, kijaribu palepale dukani. Andika log 10. Inatakiwa itoke 1. Ukiona 2.3026, kikokotoo ni kizima, ila umebonyeza ln, ambayo kizio chake ni e, takriban 2.718.